Hotpoti za Munira

Mkono uliomdaka Mwanne wiki jana, pale alipogusa mfuniko wa hotpoti ya kwanza, haukuwa wa polisi wala wa jini. Ulikuwa na bangili za dhahabu ya kuazima. Ulikuwa mkono wa wifi yake, Salma, mke wa Abdulwahab.

"Hizo hazifunguliwi," Salma alisema.

"Wifi, tuko kicheni pati au tuko benki?"

"Nimesema tu nilivyoambiwa."

Ukumbi ule wa Makole, Dodoma, ulikuwa umejaa wanawake waliovaa kitambaa kimoja cha zambarau, kila mmoja kakishona kwa kiburi chake. Katikati, juu ya mkeka mpya, alikaa bi harusi Munira, kafunikwa kanga, hina mpaka kwenye viwiko. Mbele yake zilipangwa hotpoti, kubwa kwa ndogo, zimezungushiwa selotepu kama vile ndani mna siri ya serikali.

Aliyewahi kuhudhuria kicheni pati anajua: zawadi haiingii sandukuni bila kufunguliwa. Sufuria inainuliwa, watu wanaiona, na bi harusi anafunzwa namna ya kuitumia, pamoja na mafunzo mengine yanayoendana na sufuria hiyo, ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa.

Lakini Abdulwahab, aliyezileta, hakujua. Angejulia wapi? Ni mwanamume. Maisha yake yote kicheni pati ameisikia kwa nje, ngoma na vigelegele, akadhani wanawake huingia wakala keki wakatoka. Akaona hakuna mahali salama pa kupitishia haramu kama katikati ya kina mama. Hakuna afisa atakayeingia. Hakuna mbwa atakayenusa. Na Jumatatu bi harusi anapanda ndege na zawadi zake.

Haramu yenyewe ilikuwa kobe bapa, wale wa miambani, waliosinyaa kama chapati iliyokaliwa. Wanaishi kwenye nyufa za mawe ya vilima kutoka Chemba kwenda Kondoa, na huko ng'ambo kuna watu wanaowaweka sebuleni kwenye kioo, wakawa wanawaangalia badala ya televisheni.

Kobe wa aina hiyo hiyo ndio waliokutwa kwenye gunia nyumbani kwa Bashiri, kaka yake Mwanne na baba yake Munira. Shahidi aliyemzika mahakamani alikuwa Abdulwahab, mdogo wao wa tumbo moja. Bashiri akaenda jela. Abdulwahab akamchukua Munira amlee, akamtafutia na mchumba, Mustapha wa ng'ambo, ambaye mpaka leo hakuna aliyemwona ila kwenye simu.

Siku ya hukumu Mwanne alikula kiapo. Hakuapa kwa sauti. Alirudi nyumbani akafua nguo zake zote, hata zilizo safi, na kila aliyoikamua aliiona ni shingo ya Abdulwahab.

"Wifi, niachie mkono," alisema sasa. "Nani kasema hazifunguliwi?"

"Mume wangu. Kasema zimefungwa vizuri kwa ajili ya safari."

"Na mume wako ni mmoja wa wanawake wa humu?"

Waliokaa karibu wakacheka. Salma hakucheka. Aliachia mkono, akabaki amesimama kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Mwanne angeweza kuvuta selotepu pale pale, yaishe. Alitamani mpaka vidole vikamwasha. Lakini nyuma kidogo, kando ya mama mmoja mnene aliyekuwa akila sambusa bila huruma, alikaa Hilda Matonya, afisa wa wanyamapori. Naye kavaa zambarau. Kitambaa alinunuliwa na Mwanne, akaingizwa ukumbini kwa jina la binamu kutoka Mpwapwa. Mwanne ndiye aliyemwita, baada ya kuona Abdulwahab, asiyewahi kununua hata kijiko, anakusanya hotpoti.

Hilda akatikisa kichwa kidogo. Hapana.

Asubuhi walikuwa wamelizungumza hilo mpaka chai ikapoa. "Mama," Hilda alimwambia, "zawadi ikifunguliwa mbele ya bi harusi ni mali ya bi harusi. Nikiwakuta kobe humo, wa kwanza kukamatwa ni Munira. Na hili si jambo letu peke yetu. Kuna mkataba wa mataifa, karibu dunia nzima imetia saini, na kobe huyu yuko kwenye orodha ya juu kabisa, ya wale ambao ukiwatoa porini huruhusiwi kuwauza ng'ambo. Hakuna atakayeniuliza kama mtoto alijua au hakujua. Nataka mwenye mali aseme kwa kinywa chake: ni zangu."

Ndiyo taabu ya kisasi hiyo. Ukikirusha ovyo, kinampiga uliyekuwa unamlinda.

Mwanne akaachana na mfuniko, akamwendea mshereheshaji. Huyo alikuwa Ruthu, binti wa Kigogo mwenye sauti ya kumwita ng'ombe aliyeko kilima cha pili. Kumpa kipaza sauti ilikuwa ni kuharibu umeme bure.

"Ruthu, mwanangu, hayo maspika yanasikika nje?"

"Shangazi, yanasikika mpaka sokoni."

"Basi tangaza. Sema sasa zinafunguliwa hotpoti za baba mdogo Abdulwahab. Useme polepole, wenye masikio mazito wapate."

Ruthu hakuuliza. Mtu wa kazi hiyo hunusa ugomvi kama fisi anavyonusa mfupa.

"Kina mama," akaanza, "tumefika kwenye zawadi za baba mdogo wa bi harusi, mzee wetu Abdulwahab. Tunazifungua moja moja. Na bi harusi atatuambia humu atamwekea mume nini, ubwabwa, au ugali na mlenda."

Nje, kiti kilianguka.

Mlango ukasukumwa. Akaingia Abdulwahab na kanzu yake nyeupe na kofia yake ya mkono, anahema kama aliyekimbizwa na nyuki.

Ukumbi ukalipuka.

"Mwanamume."

"Mwanamume kaingia kicheni pati."

"Fungeni mlango asitoke."

Mlango ukafungwa, na yule mama wa sambusa akahamisha kiti chake akakaa nyuma yake. Hakuna komeo Dodoma nzima lenye uzito ule.

Mwanamume akiingia kicheni pati hatoki kama alivyoingia. Kabla Abdulwahab hajasema neno, alikuwa ameshafungwa kanga kiunoni, nyingine kichwani juu ya kofia, na kuketishwa kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Kipande cha nazi kikatiwa mkononi mwake.

"Dada Mwanne," alisema, jasho likimtoka, "waambie waniache. Nina neno moja tu."

"Neno lina ada yake. Kuna nazi."

"Dada, mimi mtu mzima."

"Ndiyo maana tumekupa nazi iliyokomaa."

Akakuna. Hajawahi kukuna nazi tangu azaliwe, akaanza na kidole. Wanawake wakamzunguka wakaimba, na simu zikainuliwa juu kama mahindi ya mwaka wa mvua njema. Alivumilia. Kila mara macho yake yalikwenda kwenye hotpoti, akiona bado zimefungwa, anakuna tena.

Mwanne alisimama mbele yake mikono kiunoni. Alikuwa amengoja picha hii muda mrefu, na Mungu, kwa ukarimu wake, alikuwa amemwongezea kanga.

"Kuna vizuri," alimwambia. "Bashiri huko aliko anaponda kokoto. Hawana nazi huko."

"Maneno ya Bashiri tutayaongea nyumbani."

"Nyumbani kwa Bashiri sasa wanakaa popo. Utaongea na popo?"

"Dada."

"Haya, ada imetosha. Sema neno lako."

Abdulwahab akapangusa uso kwa pindo la kanga. "Hizo hotpoti zisifunguliwe."

"Zawadi ya Munira lazima shangazi yake aione. Au nakosea, kina mama?"

"Hukosei," wakaitikia.

Mwanne akainama, akashika ncha ya selotepu. Ikalia, krr.

"Si zawadi ya Munira," Abdulwahab akasema.

"Ehe?"

"Dereva kachanganya. Zawadi zake ziko nyumbani. Hizi ni mzigo wangu wa dukani."

"Sijasikia. Masikio yangu ya kizee. Ruthu, mpe baba mdogo kipaza sauti."

Ruthu akamsogezea mdomoni kama anayemlisha mtoto uji. Na Abdulwahab, ambaye wakati huo angekubali hata kuwa bi harusi mwenyewe ili mradi selotepu isivutwe, akasema kwa sauti iliyofika sokoni:

"Hotpoti hizi ni zangu."

"Zote?"

"Zote. Zangu mimi."

Mwanne akafumba macho. Amekula asali ya nyuki wadogo wa vilima vya Kondoa tangu utoto wake. Haikuwa tamu hivi.

"Asante sana, mzee," sauti nyingine ikasema. "Na mimi nilitaka kulisikia hilo."

Hilda alikuwa amesimama. Akachomoa kitambulisho kutoka mahali ambapo wanawake wa mikoa yote huhifadhi vitu vya thamani, akakionyesha. Kisha akapiga magoti akavuta selotepu mwenyewe.

Ndani ya hotpoti mlikuwa na soksi mbichi. Soksi ikajitikisa. Akatoka kobe, bapa, rangi ya jiwe, akanyoosha kichwa akawatazama kama bibi aliyeamshwa usingizini na wageni.

"Maskini, kakanyagwa na gari," mmoja akasema.

"Hajakanyagwa. Ndivyo alivyoumbwa," Hilda alijibu. "Gamba lake limelala na ni laini, apate kujibana kwenye ufa wa mwamba. Wakitaka kumtoa wanauvunja mwamba kwa nondo, basi wanachukua na kobe na nyumba yake. Naye hutaga yai moja tu kwa wakati."

"Yai moja," alisema yule mama wa mlangoni. "Kumbe hata kobe wamefika kliniki ya uzazi wa mpango."

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikwenda mbali. Hilda alikuwa amefungua soksi ya pili, na aliyekuwamo hakunyoosha kichwa. Akamgusa, akamgeuza, akamlaza pembeni juu ya mkeka wa bi harusi. Akafungua ya tatu. Huyo naye vile vile.

"Mmewaona?" Mwanne aliuambia ukumbi, kidole kikimwelekea ndugu yake. "Huyu ndiye aliyesimama mahakamani akasema Bashiri mwizi wa kobe. Huyu hapa, na kanga zake."

Abdulwahab akaacha kukuna. Cha ajabu, alianza kutabasamu.

"Hawa ni wa kufugwa," alisema. "Wamezaliwa kwangu. Wa kufugwa wanaruhusiwa kusafiri, nimesoma."

"Wa kufugwa anasafiri na kibali," Hilda alisema, "kwenye kreti yenye matundu, na daktari wa mifugo keshamwona. Hasafiri kwenye soksi. Na hili kovu la nondo gambani, alilipata akizaliwa?"

"Sawa, afande. Mzigo wangu, nimeshasema, nisikatae." Alikuwa mtulivu mpaka inatisha. "Ila mimi sijazifunga. Mimi kobe namwogopa. Uliza nani alizifunga. Au huo mkataba wako wa mataifa unakamata mwenye hotpoti tu, mikono iliyofunga unaisamehe?"

Akamtazama bi harusi. Halafu akamgeukia Mwanne, akasema taratibu, kwa sauti ya watu wawili:

"Dada, nikienda mimi, siendi peke yangu."

Mwanne alihisi baridi, baridi ile ya Juni ya Dodoma inayoingia kwenye mifupa na kuomba mahali pa kulala. Akachuchumaa, akainua pindo la kanga.

"Munira, huyu anasema nini?"

Macho ya binti yalikuwa yamejaa machozi na wanja. "Shangazi, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi niliyewafunga."

"Alikulazimisha. Sema alikulazimisha."

"Hakunilazimisha. Aliniuliza tu kama bado nakumbuka. Unalowesha soksi, unaingiza kichwa kwanza ili asikwaruze. Nilifundishwa nikiwa darasa la tano."

"Namuua huyo baba yako mdogo."

"Si baba mdogo, shangazi." Munira akameza mate. "Ni baba. Baba Bashiri alinifundisha. Wakati ule walikuwa wakiifanya pamoja."

Mwanne alibaki ameshika pindo la kanga.

Basi lile gunia lilikuwa la Bashiri kweli. Abdulwahab hakusema uongo mahakamani. Alisema kweli, kweli tupu, ili mwenzake aondoke na biashara ibaki ya mmoja. Na yeye Mwanne, muda wote huo, amekuwa akimpelekea Bashiri gerezani maandazi na machozi, akimwita mja asiye na hatia, na Bashiri akiyapokea yote mawili.

Mtu mwenye busara angekaa chini hapo akaomba maji. Lakini hasira iliyopikwa muda mrefu haimwagwi kwa sababu imekutwa na kokoto. Utaila hivyo hivyo.

"Mama Mwanne," Hilda alisema. Hakuwa amesikia mnong'ono ule. Wanawake walikuwa wakipiga kelele. "Wewe ndiye uliyeniita. Watu hawa unawajua. Zilifungwa na nani?"

Kelele zikakatika. Simu zikasogea karibu.

Chini ya kanga mkono wa hina ulianza kuinuka, kama wa mwanafunzi anayejua jibu na kuliogopa. Mwanne akauona. Akafanya alichoweza kukifanya upesi: akaukalia.

Kisha akanyoosha kidole.

"Huyu hapa," alisema. "Wifi yangu Salma. Si mlimwona alivyonidaka mkono? Mtu asiyejua kilichomo angejuaje kuwa hazifunguliwi?"

Ukumbi ukasema "eee" kwa pamoja, ile ya watu waliopata hesabu.

Salma alikuwa bado amesimama pale pale. Siku zote alikuwa mke wa kutumwa: lete, weka, nyamaza. Alimgeukia mume wake, akangoja. Neno moja lingetosha. *Siye.*

Abdulwahab alilifikiria neno hilo. Lilionekana likipita usoni mwake. Lakini ukisema siye, utaulizwa ni nani. Na ukijua ni nani, ulikuwa umesimama ukitazama. Akainamisha kichwa, akashika kipande chake, akaendelea kukuna nazi, ingawa hakuna aliyemwambia akune.

Salma alimtazama anavyokuna. Alimtazama mpaka unga wa nazi ukatua kwenye kanzu.

Halafu akaanza kuvua bangili. Alizivua taratibu, akazipanga kwenye mfuniko wa hotpoti, akajifunga vizuri kanga yake kiunoni.

"Afande," alisema, "nipe kiti. Wifi yangu kasema kweli. Nilizifunga mimi."

Mwanne alishtuka. Hakuna kinachomtisha mwongo kama uongo wake kukubaliwa.

"Na si hizi peke yake," Salma akaendelea, sauti haipandi wala haishuki. "Wengine nimewafunga jana. Hao hawakuwa wa mume wangu. Hao ni wa mtu mwingine, aliyeniagiza mwenyewe, na wako chumbani kwake sasa hivi tunavyoongea."

"Nani huyo?" Hilda aliuliza.

Salma akafungua fundo la kanga. Akatoa ufunguo, akauweka juu ya mkeka, kati ya wale kobe wawili wasioamka. Ulikuwa na uzi mwekundu. Mwanne aliujua uzi ule, kwa sababu aliufunga yeye, siku aliyompa wifi yake ufunguo wa akiba wa chumba chake, akisema: ikinitokea la kunitokea, wewe ndiye ndugu yangu.

"Huyu aliyenitaja," Salma alisema. "Mnadhani mtu anamjua mfungaji bila kuwa mwenye mzigo? Twendeni kwake. Mlango unafunguka ukiuvuta kwanza, ndipo uzungushe."

Simu zote za ukumbi zikageuka, zikamwangalia Mwanne.

Hilda akauokota ufunguo. "Mama Mwanne?"

Mwanne, ambaye hakuwahi kumwagiza Salma hata kobe mmoja, akafungua kinywa akane. Maneno yalikuwepo, mepesi kabisa: Salma hakufunga kitu, nimemsingizia. Na swali ambalo lingefuata alilijua: basi ni nani aliyezifunga? Chini yake, mkono wa Munira ulikuwa bado unasukuma, unataka kutoka.

Akafunga kinywa, akakalia kwa uzito zaidi.